Kashata Bado Zipo

Fundi alilibingirisha tairi langu kuukuu hadi penye mwanga, akalisimamisha, akawa analipigapiga kwa kiganja kama mtu anayenadi mbuzi wa Idi.

“Dada, kashata bado zipo,” akasema, akigusa vile vipande vya mpira vilivyoinuka vinavyokanyaga barabara. “Haya niachie. Nakupa elfu kumi kila moja, yale mawili ya nyuma hata kumi na tano.”

Nikamwambia angoje kwanza.

Imepita wiki ya sita sasa. Matairi yote manne yako barazani kwangu, yamepandana, na juu yake mwanangu kaweka kopo la maua. Fundi ameshapiga simu mara mbili. Shemeji alikuja Jumapili akauliza kama nimefungua duka. Kila nikitoka asubuhi nayaona, na kila nikiyaona narudia hesabu ileile ambayo haijanipa jibu.

## Konda

Ilikuwa Aprili, masika yamechachamaa, ile mvua ya Dar inayokukuta njiani hujaamka vizuri. Nilikuwa nateremka Goba kuja Makongo. Mbele yangu daladala, na daladala ikafanya kile ambacho daladala hufanya: imeona abiria, imesimama.

Nikakanyaga breki. Gari likaendelea.

Sikuwa kwenye kasi. Nilikuwa kwenye 40, pengine chini ya hapo. Gari liliendelea taratibu, bila kelele, kama sahani inayosukumwa juu ya meza iliyomwagikiwa maji. Usukani ukawa mwepesi mkononi, hauna habari na barabara. Liliposimama, kati yangu na bampa ya daladala palikuwa na shubiri moja. Konda aliyekuwa ananing'inia mlangoni aligeuka, akagonga bodi.

“Sista, umekuja kutusalimia?”

Kiti cha nyuma chote kikacheka. Na mimi nikacheka, mikono ikitetemeka.

Kituo cha mafuta cha kwanza niliingia, nikashuka, nikachuchumaa mvuani kutazama matairi. Kashata zilikuwepo, nene, na mifereji yenye kina. Kama kuna kitu kimoja nilichofundishwa juu ya tairi tangu naanza kuendesha ni hiki: ogopa kipara. Baba alikuwa akisema hivyo, mwalimu wa udereva alisema hivyo, na trafiki aliyenisimamisha mwaka juzi alipapasa tairi la mbele, akanitakia safari njema. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna cha kuogopa zaidi ya kipara.

Basi nikazilaumu breki. Fundi wangu naye akazilaumu breki, na pedi alikuwa nazo kabatini. Tukabadilisha za mbele. Wiki iliyofuata, mvua nyingine, mteremko uleule. Likateleza tena, na safari hii mkia ukajivuta kushoto kidogo, kama mbwa anayetaka kugeuka.

Pedi mpya. Kashata nzuri. Na bado.

## Neno nililodhani ni jina la kampuni

Gari langu ni Vitz ya 2006, yale magari tunayotaniwa kuwa ni beibi woka. Matairi nilinunua miaka mitatu iliyopita, mtumba wa Japani, seti nzima, na nilijisifu kwa wenzangu kazini kwamba nimepata matairi ya Mjapani halisi kwa bei ya kutupa. Ubavuni yalikuwa na maandishi ya Kijapani na neno moja kwa herufi kubwa: STUDLESS. Nililiona kila nilipoosha gari. Nilidhani ndiyo kampuni.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu anayeishi Montréal. Nilimtumia picha ya ubavu wa tairi nikitaka tu anisomee saizi, kwa kuwa yeye anapenda magari. Akanirudishia sauti ya sekunde kama 50, na 30 za mwanzo ni kicheko.

“We mtoto! Unatembea na viatu vya barafu Dar es Salaam?”

Kule kwao, jimbo la Quebec, sheria inamlazimu mwenye gari awe na matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Baridi ikiisha wanayavua na kuyahifadhi, wanavaa mengine. Wana seti mbili, kama watoto wetu wanavyokuwa na sare ya shule na nguo za nyumbani. Na Japani vivyo hivyo, hasa Hokkaido na pwani ile ya magharibi inayomwagiwa theluji. Zamani walifunga matairi yenye misumari ya chuma ya kung'ata barafu. Misumari ikawa inatafuna lami na kuwajaza watu vumbi, mpaka sheria ya 1990 ikaibana. Tairi lililoshika nafasi ni hili lisilo na misumari, na neno nililodhani ni kampuni linasema hivyo tu: halina misumari.

Kinachofanya kazi badala ya msumari ni mpira wenyewe. Umetengenezwa uwe laini, ubaki laini hata baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, mahali ambapo mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Halafu kila kashata imechanjwa mikato myembamba, mingi, kama mtu aliyepita nayo na wembe, ili ikanyagapo barafu ifunguke na kuishika. Nilikuwa nimeiona ile mikato. Niliipenda, nikaiona urembo.

Sasa chukua mpira huo uulete hapa, ambapo Julai usiku tunapovaa masweta na kulalamika bado tuko karibu na nyuzi 20. Kwenye lami yenye joto kashata zinayumba juu ya mikato yake. Ukifunga breki, sehemu ya nguvu inaishia kwenye kuyumba huko. Mvua ikija, ulaini uliotengenezwa kwa ajili ya barafu haukusaidii juu ya lami yenye maji ya uvuguvugu.

Na hapo ni likiwa jipya.

Usiku ule nilijilaza chini ya gari na tochi ya simu. Namba ya tarehe kwa kawaida ni tarakimu nne mwishoni mwa namba ndefu, na mara nyingi iko upande mmoja tu wa tairi. Langu lilikuwa limefungwa upande huo ukitazama ndani. 4212. Wiki ya 42 ya mwaka 2012. Yaani Oktoba, kiwanda kikijiandaa na theluji inayokuja. Mwanangu wa kwanza ni wa mwaka huohuo, na yuko sekondari. Watengenezaji wengi wanasema tairi likifika miaka 10 litolewe hata kama linaonekana zima, maana mpira unakauka kwa ndani. Nilikuwa nimebebesha watoto wangu juu ya mpira wenye umri wa mwanafunzi wa sekondari.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Katikati ya kashata za tairi la aina hii kuna vituta vidogo. Tairi likilika nusu, vituta vinafikiana na kashata, na hapo Mjapani anajua: kwa theluji limekwisha. Analitoa. Lakini nusu ya kashata iliyobaki ni kama milimita 4 au zaidi, na kikomo cha sheria kwao kwa tairi la kawaida ni milimita 1.6. Kwa hiyo linapofika Ilala linaonekana kijana. Zile kashata nilizojisifia zilikuwa zimebaki kwa sababu mwenyewe alilistaafisha mapema, na alikuwa na sababu.

Sisemi alitutupia takataka. Lile tairi lilifanya kazi yake vizuri mahali pake. Ni kwamba hakuna aliyepanda nalo kwenye kontena kuja kutueleza.

## Misimu yote ya nani?

Nikaenda Gerezani kutafuta mapya. Nilimchukua kaka yangu, kosa dogo, kwa kuwa kuanzia hapo hakuna muuzaji aliyezungumza na mimi. Niliuliza mimi, akajibiwa yeye. “Bro, mwambie sista achukue hili, hili ni ol sizoni. Misimu yote. Akifunga amesahau.”

Kaka yangu hana hata leseni.

Misimu yote. Nilisimama pale nikihesabu yangu: kaskazi na joto lake, masika, kipupwe, vuli. Minne, sawa na yao, lakini hakuna hata mmoja kati ya yetu ambao aliyechora tairi lile aliufikiria. Tairi la misimu yote limebuniwa kwa mtu mwenye kiangazi cha joto na baridi ya wastani, ambaye hataki kununua seti mbili. Ni mapatano: linaachia kidogo ya joto, linaachia kidogo ya baridi, linapita katikati. Ubavuni huwa na M+S, tope na theluji. Tope ninalo. Theluji ninayo pia, ila iko juu ya Kilimanjaro na siendi nayo kazini.

Nilimuuliza binamu. Akasema hata kwao M+S peke yake haimtoshi askari wakati wa baridi, kwa kuwa kampuni inaweza kujiandikia yenyewe. Alama inayotafutwa ni mlima wa vilele vitatu wenye ua la theluji ndani yake, na hiyo hutolewa tairi likishapimwa kwenye theluji. Basi nikapata kanuni yangu ya kwanza ya kununua tairi Dar es Salaam, nayo ni kinyume kabisa na ya binamu: nikiona mlima wenye theluji, napita.

M+S tupu sikuihofia. Matairi mengi ya saizi yangu yalikuwa nayo, na mpira wake si lazima uwe ule wa barafu. Lakini neno la muuzaji halikunisaidia tena. Ilibidi niulize kingine.

## Herufi mbili na milimita saba

Kwenye matairi mengi kuna maandishi madogo yaliyowekwa kwa ajili ya soko la Marekani: TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. Ya kwanza ni uimara wa kulika, nao haukuwa tatizo langu, kwa hiyo sikuipa uzito. Ya pili hutokana na kufunga breki kwenye njia iliyonyooka, yenye maji. AA ni ya juu kabisa, halafu A, B, C. Ya tatu ni uvumilivu wa joto, A hadi C. Maji na joto. Kama ningeombwa niandike mwenyewe fomu ya maisha ya tairi hapa mjini, nisingeandika vinginevyo.

Kuanzia hapo nikawa mteja msumbufu. Nachuchumaa, nasoma, nasimama, nahama. Muuzaji mmoja alikuwa na tairi la jina kubwa, A na A, bei ambayo duka la pili ningepata mawili ya Kichina. Nikatafuta tarehe: limetengenezwa miaka minne iliyopita. Nikamuuliza.

“Dada, tairi halichachi. Si maandazi.”

Nilicheka, na nusu yake ana haki. Lililolala dukani kivulini halizeeki sawa na lililoko juani barabarani. Lakini nilikuwa nimetoka kulala chini ya gari na tochi. Mtu akishaumwa na nyoka, hata ukuti humshtua.

Halafu ikaja saizi. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 165/70R14. Kila fundi wa tatu alitaka kunipa 175/70R14: “Inakunyanyua kidogo, dada, barabara zetu unazijua.” Na kweli nazijua. Nilikaa kwenye benchi la duka nikapiga hesabu kwenye simu. Kipenyo cha langu ni milimita 586.6, cha lile 600.6. Tofauti 14, na kwa kuwa nusu tu ndiyo inayokwenda juu, gari linanyanyuka milimita 7. Kimo cha maharage yaliyolala. Kwa malipo hayo mwendo unaoonyeshwa ungekuwa pungufu, 80 ikiwa kwa kweli karibu 82, na sijui tairi lingegusa wapi nikikata kona gari likiwa limejaa. Nikabaki na ya kibandiko.

Nilichochagua mwishowe ni la Kichina, kampuni ambayo sikuwahi kuisikia, A na A, limetengenezwa miezi mitano kabla. Kaka yangu alisema nimenunua karatasi, sijanunua tairi. Inawezekana. Jina kubwa lina miaka ya watu kulijaribu na mimi nina herufi mbili na tarehe. Nilijitetea kwamba fedha iliyobaki ilisaidia kunifikisha kwenye manne, na hapo ndipo penye habari nyingine.

## Mbele au nyuma

Mwanzoni nilikuwa na fedha ya mawili tu.

Fundi hakusita: mapya mbele. Gari linavuta mbele, linapindia mbele, breki kubwa iko mbele. Nilikubali kabisa, mpaka niliposoma usiku kwamba kampuni za matairi zenyewe zinashauri kinyume: mazuri yawekwe nyuma. Ya mbele yakiteleza, gari linakwenda moja kwa moja na dereva anahisi kwenye usukani, anapunguza. Ya nyuma yakiteleza, mkia unakuja mbele kukutafuta, na wengi wetu hatujui la kufanya.

Nikaukumbuka mkia wangu ulivyojivuta kushoto pale mteremkoni.

Nilimrudia fundi. Akaita wenzake watatu waje kumsikiliza dada anayetaka mapya nyuma ya Vitz. Wakacheka kwa adabu. Mmoja akaniuliza kama nyuma kuna injini. Sikuwa na la kuwajibu zaidi ya kurudia nilichosoma, na ukweli ni kwamba nilipokuwa nafikiria lile bampa la daladala, ya mbele ndiyo niliyoyataka. Ukisikiliza hofu ya siku ya kwanza unaweka mbele. Ukisikiliza hofu ya siku ya pili unaweka nyuma.

Wiki mbili nikaendesha hivyohivyo, naacha nafasi mbele yangu, na kila nikiiacha bajaji inaingia.

Mwisho nilifanya lililo rahisi zaidi, ambalo sikulifikiria kwa sababu lilihusu kuomba. Tunacheza mchezo wa fedha kazini, akina mama kumi, na zamu yangu ilikuwa Agosti. Nilimwomba wa Mei tubadilishane. Aliniuliza nina mgonjwa? Nikamwambia nina matairi. Alinitazama kidogo, kisha akasema mumewe aliwahi kuingia mtaroni Kibaha siku ya mvua, na akanipa zamu bila neno zaidi.

Manne basi. Upepo nilisimamia mwenyewe, 33 kama kibandiko kinavyosema, siyo ile 40 ya makadirio.

Yanashika? Nadhani. Usukani umekuwa na habari tena. Lakini tangu nifunge, mvua imekata, nimepata manyunyu mara moja tu. Vuli ndiyo itakayosema.

## Barazani

Ningemuuzia fundi, najua yangekwenda wapi. Yangepigwa maji na sabuni, yangepakwa ile dawa nyeusi ya kung'arisha, na yangekaa mbele ya duka kashata zikitazama barabarani. Angekuja mtu kama mimi wa miaka mitatu iliyopita, angeingiza kidole kwenye mfereji, angefurahi. Nilitaka niyatoboe kwa bisibisi yasifae tena. Mama alipita akasema kuharibu kitu kizima ni laana, nikairudisha bisibisi ndani.

Juzi akaja kijana wa nyumba ya pili, anayeendesha teksi ya mtandao. Vitz kama yangu, rangi tofauti.

“Dada, hayo matairi si unaniuzia mimi? Nakupa ishirini ishirini.”

Nikamweleza yote. Barafu, mpira laini, 2012, konda. Nilimwonyesha neno lenyewe ubavuni, nikamwonyesha mikato ya wembe. Alisikiliza vizuri, kijana mwenye adabu. Nilipomaliza akasema, “Nimekuelewa dada. Njoo basi uone ya kwangu.”

Tukaenda. La mbele kushoto lilikuwa limeanza kuonyesha nyuzi. La kulia halikuwa na mfereji hata mmoja, laini kama goti la mtoto. Anabeba abiria kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

“Haya yako ni mabaya,” akasema. “Lakini si mabaya kuliko haya.”

Tulisimama pale wote wawili tukitazama chini. Nilimwambia nitampa jibu.

Leo asubuhi nimeliteremsha kopo la maua, nimeliweka ngazini. Mwanangu ameuliza kwa nini. Simu ya kijana ninayo, sijampigia bado.